Neno Moja la Mhandisi

Boila lilikuwa limeanza kupiga mluzi nilipomwona mhandisi akishuka ngazi mbiombio, uso umemparama. Mluzi wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kutia kinyaa, kama wa mtu anayekuita asiyetaka wengine wasikie.

Mhandisi alikuwa mgeni, hajui Kiswahili hata cha salamu. Dada yangu ndiye aliyemfasiria pale kiwandani. Mimi nilifungasha miche ya sabuni. Bwana yule alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolipenda kupita yote: rani. Kuwasha mashine, rani. Maji yakitiririka bombani, rani. Rangi ikichuja, rani. Pua ikichuruzika mafua, rani, na hata kuongoza kiwanda kizima, hilohilo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Fundi wa boila tulimwita Msumari kwa wembamba wake. "Mimi sihitaji tena kufasiriwa, dada," alimtania. "Akisema rani, nawasha."

"Ipo siku utawasha kisichowashwa," dada akamjibu. Alikuwa akicheka, ila si sana.

Siku ile pampu ya maji ilikuwa imezimika yenyewe, hakuna aliyejua tangu saa ngapi, na boila likakauka huku moto ukiwaka chini yake. Mhandisi alifika ngazi ya mwisho, mlangoni pa chumba cha boila, akapaza sauti:

"Rani!"

Dada alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Nilimwona akigeuka, nikaona macho yake yakimtoka.

"Kimbieni! Msumari, toka humo!"

Sisi tuliokuwa karibu naye tulimsikia; kwa Msumari sauti yake ilimezwa na mluzi. Alikwisha kuupa mlango mgongo, anaiendea swichi ya pampu bila wasiwasi, mtu anayeijua kazi yake. Maji baridi yakaingia kwenye chuma chekundu. Sisi wengine tulikuwa tumefika uani boila lilipolipuka, ukuta ukaanguka.

Baada ya mazishi mjane wa Msumari alikuja kwetu. Tulimkaribisha kiti, hakuketi.

"Mwanangu," alimwambia dada, "yule mgeni alisema nini?"

"Alisema kimbieni, mama."

"Sasa mume wangu mbona alibaki?"

Dada alikisogeza kiti karibu naye zaidi. Mjane akaniomba maji, akayanywa yote palepale amesimama, akanirudishia kikombe na kushukuru.