Mradi Foleni Haijajaa

Ofisini walimwita Bi Mkato, na si kwa mapenzi. Alikuwa mwandishi wa miongozo katika kampuni ya programu, na ukimpelekea ukurasa wenye sentensi iliyokaa upande, aliurudisha umejaa wino mwekundu hadi uone aibu kuushika. Hakuna aliyempenda kwa hilo. Na yeye, tuseme ukweli, hakuwa na haja ya kupendwa na watu wasiojua pa kuweka nukta.

Kampuni yenyewe ilikuwa juu ya duka la matairi, vyumba vyote vya vioo ili kila mtu aonekane anafanya kazi. Walitengeneza programu ya kuendesha mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake: inaishi ndani ya kompyuta kubwa kama mpangaji, na nyumba moja inaweza kuwa na wapangaji kadhaa. Mpangaji huyo hupewa amri. Simama, endelea, hamia kompyuta ile, acha kuhama. Kazi ya kampuni ilikuwa kupokea amri hizo na kuzitekeleza, na kazi ya Bi Mkato ilikuwa kuandika sura ya kueleza zinatekelezwaje: ipi inaanza, ipi inangoja, na jibu likichelewa ufanye nini.

Ungedhani walioitengeneza wanajua. Thubutu!

Mhandisi mkuu alipewa jina la Rahisi, kwa sababu kila alichoulizwa alijibu, "Hiyo rahisi." Ungemuuliza choo kiko wapi angekujibu hivyo hivyo, kisha akuache umesimama koridoni na shida yako. Bi Mkato alimfuata mezani kwake, akamkuta anatafuna karanga na maganda yakidondokea kwenye kibodi.

"Mhandisi, amri zikija nyingi kwa pamoja inakuwaje?"

"Hiyo rahisi. Zinapanga foleni. Moja ikiisha inajibiwa, inaingia nyingine."

"Na ya mbele ikikwama?"

"Za nyuma zinasubiri. Ndiyo maana tumeweka amri ya dharura. Yenyewe haipangi foleni, inapita pembeni."

"Kila mara?"

"Dada yangu, nimekwambia inapita."

Bi Mkato hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikaa kwenye kompyuta ya majaribio, akaanza kuichokoza. Akatuma amri moja nzito, akairundikia nyingine nyuma yake, kisha akatuma ya dharura. Ikapita. Akaongeza mrundiko, akatuma tena ya dharura. Kimya. Haikutekelezwa wala haikukataliwa. Ilikaa huko ilikokaa hadi amri nzito ilipomaliza mambo yake.

Kumbe foleni ilikuwa na nafasi nane tu. Zikijaa, programu iliacha kusikiliza kabisa mpaka nafasi ipatikane, na amri ya dharura, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa inaingilia mlango ule ule. Wataalamu hawa walikuwa wamejenga njia ya dharura wakasahau kuipa mlango. Bi Mkato alicheka peke yake hadi msichana wa mapokezi akageuka kumtazama.

Akaandika: "Amri ya dharura hutekelezwa papo hapo, mradi foleni haijajaa. Usiwe na amri zaidi ya saba zinazosubiri majibu, la sivyo amri ya dharura haitasikika." Akaisoma mara mbili. Ilikuwa sentensi nzuri, na ilikuwa kweli. Vitu hivyo viwili havikukutana mara nyingi katika jengo lile.

Siku iliyofuata Mkurugenzi alimwita. Mkurugenzi alikuwa mtu wa tai na manukato, aliyeongea na wafanyakazi wake kana kwamba kuna kamera nyuma yao. Rahisi naye alikuwepo, amekaa pembeni na kujitia hamnazo.

"Hii 'mradi' ni ya nini?" Mkurugenzi aliuliza, akigonga ukurasa kwa kidole.

"Ni sharti, Mkurugenzi. Foleni ikijaa, dharura haipiti."

"Mteja akiona 'mradi' anaanza kujiuliza tuna kasoro gani."

"Tunayo. Ndiyo hiyo."

Mkurugenzi alimgeukia Rahisi. Rahisi akajikuna shingo. "Foleni kujaa ni nadra sana, bosi. Labda mtu awe amechanganyikiwa. Na toleo lijalo tutairekebisha."

Toleo lijalo ndiyo pepo ya wahandisi: kila jema liko huko, na hakuna aliyewahi kurudi kusimulia. Bi Mkato alijua hivyo, akabisha. Alisema mtu anayetuma amri ya dharura ndiye huyo huyo aliyechanganyikiwa. Mtu mwenye utulivu atume dharura ya nini? Mkurugenzi alisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri mvua ipite.

"Bi," akasema mwisho, kwa sauti laini, "tuambizane ukweli. Nani anasoma mwongozo?"

Hapo alimpata. Kwa miaka yote ya kazi yake Bi Mkato alikuwa akipokea simu za wateja wanaouliza mambo yaliyoandikwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Aliwadharau kutoka moyoni. Hawasomi, hawataki kusoma, wanabonyeza tu na kulia. Kwa watu kama hao agombane na anayemlipa mshahara? Akarudi kwenye meza yake, akafuta sharti na onyo lake. Nukta ikahamia baada ya "papo hapo". Sentensi ilikaa vizuri, fupi, imenyooka, na ilikuwa uongo.

Mmoja wa wateja hao ilikuwa ofisi ya maji ya mji, na ndani ya ofisi hiyo, kwenye chumba cha kompyuta, alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe. Mawifi hawa wawili walipendana kama paka na panya. Wakikutana kwa wifi, ambako ndiko mama mkwe alikoishi, kila mmoja alileta maneno yake ameyanoa.

"Karibu wifi," angesema mwenyeji. "Au siku hizi hata salamu tuzipigie mkato kwanza?"

"Ahsante wifi. Bado wanakulipa kwa kubonyeza vitufe?"

Mama mkwe alicheka, mume alitazama dirishani, chakula kikaliwa. Bi Mkato aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba dada yake ana bahati, maana kazi yake hata kuku angeweza kuifanya akinyunyiziwa mahindi kwenye kibodi. Mume alinyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomweka salama katika ndoa ile.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mume aliingia jikoni na simu mkononi, uso umemshuka.

"Dada amesimamishwa kazi."

Habari ilikuwa hivi. Wifi alikuwa anahamisha mashine pepe inayotunza usomaji wa mita za maji za mji mzima, kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya. Katikati ya kuhama, diski ya kompyuta mpya ikaanza kuharibika. Wenzake wote mle chumbani, kila mmoja mezani kwake, wakaanza kuiuliza programu: imefika wapi? imefika wapi? Kila swali lilikuwa amri, na kila amri ilipanga foleni. Wifi akatuma ya dharura: acha kuhama. Kimya. Akangoja. Mashine ikamaliza kuhamia kwenye diski mbovu, ikafuta kule ilikotoka kama ilivyoagizwa, na usomaji wa mita ukapotea pande zote mbili. Ndipo foleni ikafunguka, na amri ya wifi ikajibiwa kwa adabu kwamba hakuna uhamisho wowote unaoendelea.

"Wanaunda kamati," mume alisema. "Wakimfukuza kwa uzembe, hakuna atakayemwajiri tena kugusa kompyuta. Na Mama itabidi ahamie kwetu."

Bi Mkato alimpenda sana mama mkwe wake, akiwa kwa wifi. Lakini siku hiyo hilo halikumgusa kabisa. Alikuwa anaiona ile nukta baada ya "papo hapo".

Kamati iliiomba kampuni ipeleke watu wa kueleza. Mkurugenzi aliwaita Rahisi na Bi Mkato, safari hii na kahawa na biskuti. Alimvika Bi Mkato kilemba cha ukoka: hakuna mwandishi kama yeye, hata washindani wanamsifu. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mtasema mwongozo uko sahihi, na kwamba opereta alijaza foleni. Basi."

"Mwongozo haukumkataza kuijaza."

"Mtu mzima haambiwi kila kitu."

"Opereta huyo ni wifi yangu, Mkurugenzi."

Mkurugenzi akachukua biskuti. "Pole sana. Lakini wifi si ndugu wa damu. Mshahara wako, huo ndio ndugu."

Rahisi akacheka. Mtu mzima, mhandisi mkuu, alicheka.

Kamati ilikutana ofisi ya maji, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyolia kila ilipozunguka. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani puani na uvumilivu mdogo. Wifi alikaa upande wa pili, amevaa nguo ya heshima, mikono magotini. Hakumtazama Bi Mkato. Rahisi akaanza.

"Hiyo rahisi, mheshimiwa. Foleni ilijaa. Foleni ikijaa, amri ya dharura haiingii. Kosa la opereta."

"Nani anajua kwamba haiingii?" mwenyekiti aliuliza.

"Inajulikana."

"Na nani?"

"Na… wenye utaalamu."

"Huyu mama angeutoa wapi utaalamu huo?"

Rahisi akapapasa mfuko wa shati. Karanga hazikuwepo za kumsaidia. Mwenyekiti akamgeukia wifi. "Na wewe, jibu lilipochelewa, kwa nini hukuzima kompyuta moja kwa moja? Kule ilikotoka kungebaki salama."

"Mwongozo umesema papo hapo," wifi alijibu. "Nikajua imeshasimama, jibu tu ndilo linachelewa. Kuizima nikaogopa kuharibu zaidi."

Mkurugenzi, aliyekaa nyuma, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha amri. Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama Bi Mkato.

"Wewe ndiye mwandishi. Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Wangemwamini, mwandishi ni mwandishi tu, huandika anachoambiwa. Rahisi alikuwa tayari anatikisa kichwa kumsaidia kusema hapana. Bi Mkato alimwona, akaona na Mkurugenzi anavyonyoosha tai, na dharau aliyokuwa nayo kwa watu hawa wawili ikampanda hadi kooni. Ilipofika hapo akakuta na yeye yumo.

"Nilijua," akasema. "Niliijaribu mwenyewe nikaona haipiti. Niliandika kwamba amri ya dharura hutekelezwa mradi foleni haijajaa. Niliandika na onyo. Bosi hakulipenda, mhandisi huyu akasema ni jambo nadra, nikafuta. Aliyefuta ni mimi. Opereta hakukosea. Alifuata kilichoandikwa."

Feni ililia. Mkurugenzi alisimama akasema maneno kuhusu siri za kampuni, mwenyekiti akamwambia akae, naye akakaa. Rahisi alikuwa anazitazama kucha zake kama mtu aliyepewa mikono mipya. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba opereta arudi kazini kesho, na kwamba ofisi ya maji itakuwa na mazungumzo mengine na kampuni, ya kisheria.

Mlangoni Mkurugenzi hakusubiri hata wafike kwenye ngazi. "Vitu vyako nitavituma na dereva," alimwambia Bi Mkato. "Usijisumbue kuja."

Alibaki koridoni na mkoba wake. Hakujuta. Wifi alitoka, akaja akasimama mbele yake. Bi Mkato alikuwa ameandaa sentensi ya kusema, fupi, ya kiungwana, kuhusu kwamba yamekwisha na hana haja ya kushukuriwa.

"Ulijua," wifi akasema, kabla hajaianza.

"Nilijua, wifi."

"Na ulijua ofisi yetu inautumia mwongozo huo."

"Nilijua. Sikudhani kuna mtu anausoma."

Wifi aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Siku ile wenzangu wote walikuwa wanapiga kelele, zima, zima, chomoa waya," akasema. "Mmoja alikuwa ameshaushika. Mimi ndiye niliyemtoa mkono. Nikawaambia tulieni, aliyeandika hapa ni wifi yangu. Ana mdomo mchafu, lakini akiandika jambo, ndivyo lilivyo."