Sauti ya Pili ya Filamu ya Kinyozi

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi bahasha ya kahawia ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa upande mmoja na mtu wa mapokezi, ambaye hufungua kila kitu kinachotoka nje ya nchi. Ndani mlikuwa na diski mbili, kijitabu cha kurasa kumi na mbili na barua fupi ya kampuni. Filamu ilikuwa ile ya kinyozi. Nimehakiki filamu za kutazamwa nyumbani katika gazeti letu kwa miaka kumi na tisa, na hii ndiyo ya kwanza ambayo nilikuwa nimekwisha kuiona zaidi ya mara thelathini kabla haijafika.

Hadithi yake haina mzunguko. Kinyozi kijana, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, anamnyoa mzee aliyesinzia kitini. Ugomvi unazuka nje, kinyozi anageuka kutazama, wembe unateleza, nusu ya sharubu inaanguka sakafuni. Mzee ni mkuu wa chuo cha mapigano. Kinyozi anatimua mbio, anajifunza kupigana kwa taulo, kwa mkanda wa kunolea wembe na kwa kiti cha kuzunguka, kisha anagundua kwamba binti anayetaka kumuoa ni wa mzee yule yule. Saa moja na dakika thelathini na nne. Hakuna anayekufa.

Nilianza na picha, kama kawaida yangu. Imesafishwa vizuri. Anga ambayo miaka yote niliijua kuwa ya kijani ni ya buluu. Aproni ya kinyozi, ambayo ningeapa kuwa ni ya njano, ni nyeupe. Sehemu ya chini ya picha, iliyokatwa katika kanda tulizokuwa nazo, imerudishwa, na kwa mara ya kwanza niliona miguu ya wapiganaji. Nusu ya ufundi wa filamu hii uko miguuni. Tulicheka miaka yote ile bila kuiona.

Kisha nikasoma kijitabu. Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa mwisho: "Sauti ya pili: usimulizi wa Kiswahili kutoka kanda iliyopatikana sokoni. Msimulizi hajulikani."

Niliichagua sauti hiyo kwenye menyu. Zilipita sekunde nane za mkwaruzo. Halafu: "Mabibi na mabwana, na ninyi mliopitia dirishani, karibuni. Mwenye kofia avue. Mwenye kichwa kikubwa akae nyuma, hana la kuvua."

Nilisimamisha diski. Maneno yale yalikuwa ya kaka yangu.

Kaka aliitwa Spika. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na ukumbi wa video: chumba cha mabati, mabenchi kumi na manne, televisheni moja juu ya kabati lililofungwa kufuli. Filamu zilikuja katika lugha ambazo hakuna mtu mtaani aliyezijua, naye pia hakuzijua. Aliitazama kila filamu mara mbili peke yake asubuhi, akaamua nani ni ndugu wa nani, na jioni akakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, ubavu kwenye picha, uso kwa watu, akasimulia. Wabaya wote aliwapa kazi. Mmoja alikuwa mpima ardhi, mwingine karani wa bohari, mwingine mwalimu wa hesabu. Watu walikuwa wakiondoka pale wakibishana kuhusu yule karani kana kwamba walimfahamu ofisini.

Kila Jumatatu ukumbi ulifungwa, na siku hiyo alitengeneza nakala. Alikuwa na deki mbili: moja ya kuonyesha, moja ya kurekodi, na kipaza sauti kati yake. Alisimulia mara moja tu, bila kurudia, na kanda zikapelekwa kwenye kumbi za miji mingine zikiwa na karatasi iliyoandikwa SPIKA kwa kalamu nyekundu.

Miaka mitatu na miezi miwili iliyopita madaktari walimwondolea kisanduku cha sauti kooni. Amepona, anakula, anatembea hadi sokoni na kurudi. Huzungumza kwa daftari dogo la mfukoni. Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali aliandika swali moja na kumpa kila aliyekuja kumjulia hali: kuna mtu mwenye kanda yangu? Zake mwenyewe ziliharibiwa na unyevu, akazitupa zamani, enzi ambazo mtu hakuona sababu ya kutunza sauti aliyoamka nayo kila siku. Niliwatafuta wenye kumbi wote waliokuwa hai. Nilitangaza mara mbili katika gazeti letu. Hatukupata hata dakika moja. Baada ya mwaka wa pili aliacha kuuliza.

Mhariri wangu ni mwanamke asiyecheka kabla ya chakula cha mchana. Nilimweleza kwamba msimulizi asiyejulikana ninamjua. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Una uhakika au una hamu?"

Nilimwambia nina uhakika. Alisema mtu mwenye kaka huwa na vyote viwili, na kwamba jina halitachapishwa mpaka mtu mwingine asiyekuwa mimi athibitishe. Ukurasa ungefungwa saa kumi alasiri. Aliniruhusu kuchukua mashine ya ofisi ya kuchezea diski. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kuandika aya tatu kuhusu sauti ya Spika: uzito wake, mapumziko yake, jinsi anavyomeza silabi ya mwisho ili watu wasogee mbele. Niliziona kuwa aya nzuri.

Nilifika kwake saa saba na nusu. Shemeji alikuwa sebuleni anapiga pasi mapazia. Siku za ukumbi alikaa mlangoni na kitabu cha tiketi, na mtaa mzima bado unamwita Mama Tiketi.

"Shemeji, umekuja na njaa au na habari?" aliniuliza.

Nikamwambia nimekuja na Spika ndani ya diski.

Alisimamisha pasi wima. Alinyoosha mkono akachukua kijitabu, akausoma mstari wa mwisho wa ukurasa wa kumi na moja, akauliza filamu ni ipi. Nilipomwambia ni ya kinyozi, alisema pasi imepoa, ingawa taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, akaenda jikoni. Jambo hilo nililiona. Sikulipa uzito.

Kaka alikuwa ameamshwa na mlango. Nilimpa kijitabu, nikaweka kidole kwenye mstari. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Kisha akavuta kiti chake karibu na televisheni na kukigeuza ubavu, kama alivyokaa ukumbini, akakumbuka kwamba safari hii yeye ni mtazamaji, akakigeuza tena.

Tulianza. Kwenye "mwenye kichwa kikubwa" mabega yake yakaanza kutikisika. Ndivyo anavyocheka sasa. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa yanaonyesha maneno halisi ya filamu, na nilijifunza kwamba mzee anapojiona kwenye kioo husema tu, "Umenivunjia heshima." Katika sauti ya pili alisema: "Nimeingia hapa na sharubu mbili. Mama yangu hunitambua kwa upande huu wa kushoto. Nikifika nyumbani nijitambulishe kwa nani?" Kaka alipiga goti lake kwa kiganja. Sikuwa nimemwona hivyo tangu upasuaji. Nilimuuliza kama tusimamishe aniandikie uthibitisho, akainua kidole: ngoja.

Dakika ya arobaini na moja alichukua daftari. Aliandika maneno mawili na kuligeuzia kwangu.

"Si mimi."

Nilisema kanda ilikuwa imechakaa, na sauti hubadilika inaponakiliwa. Aliandika chini yake: "Ningeijua." Halafu akaelekeza kalamu jikoni.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Ni wazi alikuwa hapo kwa muda.

"Wewe si ndiye mtaalamu?" aliniambia. "Miaka kumi na tisa kazi yako ni kusikiliza, na mke wa kaka yako humtambui."

Alieleza akiwa amesimama. Jumatatu ya kurekodi filamu ile, plagi ya deki ya kurekodi ilikuwa imelegea. Isiposhikwa kwa pembe fulani, umeme ulikatika na kanda ikasimama. Fundi hakutokea, na kanda ilitakiwa kuondoka na basi la mchana. Kaka akaikandamiza plagi kwa kidole gumba. Ilishika. Lakini waya wa kipaza sauti haukumfikia pale alipokuwa, na asingeweza kuachia. Shemeji ndiye aliyekuwa na mikono miwili iliyo wazi. Alikifunga kipaza sauti kwa leso, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akasimulia kama yeye.

"Nilikuwa nimemsikia mara elfu," alisema. "Hata usingizini ningemaliza."

Deki ile ilikuwa inazunguka haraka mno, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwingine sauti yake ilitoka nene. Kanda ikaondoka na karatasi ya SPIKA. Barua zikaja kutoka kumbi nne zikisema hiyo ndiyo kanda yake bora ya mwaka.

"Na huyu akanyamaza akapokea sifa," shemeji alisema.

Kaka akaandika: "Nilishika plagi."

Niliuliza kwa nini hawakusema hata baadaye. Shemeji alishusha kitambaa begani, akakikunja mara mbili. Alisema watu walikuja kumsikiliza Spika, wala hakuna aliyewahi kumuuliza mwuza tiketi kama anajua hadithi. Kisha akamtazama mumewe na sauti yake ikapungua. Alisema alipoona kijitabu alitamani iwe filamu nyingine yoyote.

Hali, basi, ilikuwa hivi: kanda moja tu ilikuwa imepatikana, na kaka hakuwemo ndani yake. Aya zangu tatu zilikuwa zimemsifu mtu asiyehusika. Kaka alikuwa amefunga daftari na kulirudisha mfukoni. Filamu ilikuwa bado inaendelea, kinyozi amening'inia kwenye boriti kwa taulo. Nilimwomba radhi, nikanyoosha mkono kuzima mashine.

"Iache iende," alisema shemeji. "Kuna mahali nilikosea."

Alikumbuka kwamba alichanganya watu, kaka akamsahihisha kutoka kwenye plagi, na muda wa kurudia haukuwepo. Hakukumbuka ni wapi. Hakujua kama kipaza sauti kilimnasa mumewe, kwa kuwa alikuwa mbali, karibu hatua tatu. Nilimuuliza kaka. Alitikisa kichwa.

"Atakumbukaje," alisema shemeji, "kidole kilikuwa kimekufa ganzi, anawaza basi."

Alikuja akaketi kwenye mkono wa kochi. Alianza kuyasema maneno yake mwenyewe kwa mnong'ono pamoja na diski, mara nyingine akitangulia. Karani wa bohari alipigwa na mkanda wa wembe. Mpima ardhi akazungushwa kwenye kiti mpaka akasahau mpaka uko wapi. Hakuna aliyecheka. Dakika ya sitini ikapita, ya sitini na tano ikapita. Kaka alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, macho sakafuni. Picha haikuwa na kazi tena.

Kwenye saa moja, dakika saba na sekunde thelathini na nane, kinyozi anapiga magoti mbele ya mzee akiwa na bakuli la povu. Sauti nene ikasema, "Hapa sasa kijana anamwangukia mjomba wake..."

Ikakatika. Kutoka mbali ikaja sauti nyingine, kavu zaidi, isiyo na haraka.

"Mkwe. Siyo mjomba, mama. Huyo ni mkwe wake."

Na ile ya kwanza: "Nimesahihishwa. Ni mkwe, na afadhali angekuwa mjomba."

Kaka hakuinua kichwa. Mkono wake wa kulia ulikwenda shingoni, chini ya kola, pale penye kitambaa kinachofunika tundu la kupumulia, ukakaa hapo. Nilirudisha nyuma nikapima. Sekunde nne na nusu. Maneno manane. Niliwauliza wote wawili, mmoja mmoja, kwa sababu mhariri alitaka uthibitisho.

"Huyo ndiye aliyenioa," alisema shemeji.

Kaka alitoa daftari. Aliandika: "Mimi."

Nilifuta zile aya tatu. Mahali pake niliandika kwamba picha imesafishwa vizuri, kwamba miguu inaonekana, na kwamba maandishi ya chini ni sahihi na hayachekeshi. Niliandika kwamba msimulizi wa sauti ya pili ni Mama Tiketi, aliyefanya kazi hiyo mara moja tu na kwa jina la mumewe, na kwamba kwenye 1:07:38 anasahihishwa na Spika mwenyewe. Shemeji aliniomba nisiandike habari za leso. Nilizitoa. Kaka alisoma yote, akaongeza neno moja pembeni, "mkewe", na mshale kuonyesha liingie wapi. Niliingiza.

Mhariri alinipigia akauliza wamethibitisha wangapi. Nikamwambia wawili, na kwamba mmoja wao amekana sehemu kubwa ya sifa alizokuwa anapewa. Akasema leta.

Nilituma saa kumi kasoro dakika kumi. Saa kumi na dakika tatu alijibu kwamba amepokea. Kufikia hapo kaka alikuwa ameshika rimoti mwenyewe, na alikuwa amerudisha filamu hadi 1:07:38 mara ya saba.