Jina la Kemper Ukutani

Naapa kwa goti langu zima, la kushoto, kwamba haya nitakayosema ni kweli tupu. La kulia siliapii, limeshaniaibisha mara nyingi.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, ukumbi wa parokia yetu kusini mwa jiji la St. Louis, tunakula samaki kama kila Ijumaa ya Kwaresima: kambare wa kukaanga, tambi za mchuzi wa nyanya, bia kwenye majagi, na dada yangu Rosemarie jikoni akiamrisha watu kama jenerali. Lakini jioni ile kulikuwa na jambo. Baada ya kula watu wanyooshe mikono kupiga kura: jina la Wendell Kemper liandikwe kwa heshima ukutani juu ya jukwaa, au lisiandikwe?

Kemper alikuja amefunga tai shingoni. Tai, kwenye samaki! Alikaa meza ya mbele, chakula hagusi, anautazama ule ukuta kama bwana harusi anayemsubiri bibi harusi mlangoni. Alilitaka jina lile pale kuliko alivyoitaka mbingu. Na mimi, Virgil, fundi mstaafu wa kuandika mabango, nilikuwa nimeshaamua asilipate.

Tumekua mtaa mmoja, namjua. Watu wanamwita mwanasoka wa kulipwa. Sawa. Klabu yake ya kwanza ilikufa kabla jezi hazijachuja. Ya pili ikafa, ya tatu ikahamia mji mwingine usiku bila kumwambia. Popote alipotia mguu, watu walianza kukunja viti. Mechi zikiisha, watoto walimpita mbio wakaombe sahihi ya yule jamaa aliyevaa manyoya ya bata kuchangamsha watazamaji. Majira ya joto Kemper aliuza mashine za kukatia majani, na hata hizo, nasikia, zilikuwa haziwaki. Halafu mtu huyo aandikwe ukutani kwetu kwa sababu ya goli moja!

Basi nikasimama na bia yangu.

"Jamani, hilo goli la fainali mnalolisikia, mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma kabisa ya lango."

"Kaa chini, Virgil," Rosemarie akapiga kelele kutoka jikoni.

"Nakaa, dada. Ngoja niwape ukweli kwanza."

Enzi zile sare kwetu ilikuwa mwiko. Mechi ikikataa kupata mshindi, mchezaji alianzia mbali na mpira mguuni, yeye na kipa tu, na saa ikampa sekunde tano amalize kazi.

"Mvua inapiga ya kufa mtu," nikasema. "Kemper anauchukua mpira. Sekunde ya kwanza, anatengeneza nywele. Ya pili, anamtafuta mpiga picha. Ya tatu, anazama kwenye matope mpaka magotini! Ya nne anapiga shuti, mpira unabaki palepale, kiatu kinaruka! Kipa masikini anakirukia kiatu, anakidaka, anaanguka nacho golini. Refa miwani imelowa, haoni kitu, anapuliza: goli! Ndugu zangu, tukiandika jina ukutani, basi tuandike la kiatu!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee mmoja alipaliwa na tambi. Kemper akawa mwekundu kama ule mchuzi, akaishika tai yake kama inamnyonga. Nikajua nimemmaliza.

Rosemarie akatoka jikoni, koleo la samaki mkononi, linachuruzika mafuta.

"Virgil. Hiyo mvua ilinyesha wapi?"

"Uwanjani, dada. Ingenyesha wapi?"

"Fainali ile ilichezwa ndani. Kwenye ukumbi wa mchezo wa magongo wa barafuni. Walitandaza zulia la nyasi bandia juu ya barafu. Wewe mvua umeitoa bombani?"

"Paa lilikuwa linavuja."

"Na matope? Zulia lilizaa matope?"

Sasa vicheko vikageuka upande wangu. Kemper akainuka taratibu, akaweka mguu juu ya kiti, akapandisha suruali. Goti lilikuwa na kovu pana, la waridi, linang'aa kama lililopigwa pasi.

"Haya ndiyo matope yako," akasema. "Ukianguka kwenye lile zulia, linakuchuna kama msasa. Goli nililifunga nikiwa nimeshapiga magoti. Na viatu nilikuwa navyo vyote viwili." Akanitazama. "Tiketi nilikuachia getini, Virgil. Kiti nyuma ya lango. Nilikitazama kile kiti mechi nzima, kitupu."

"Kulikuwa na foleni," nikasema.

"Foleni ya nini?" dada akadakia.

"Ya mvua."

Basi hapo hata yule wa tambi alipaliwa upya. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Wangu ulinyooshwa na Rosemarie, aliyeukamata kwa koleo lile lile.

Sheria ya jiko lake inajulikana: anayekamatwa na uongo wakati wa Kwaresima anasugua makarai ya kukaangia.

"Leo makarai atasugua mwingine," akasema. "Fundi mabango tunaye hapa. Jumamosi asubuhi, Virgil, uje na brashi zako. Na rangi ni yako."

Ndiyo maana Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi, na rangi yangu ya dhahabu niliyokuwa nimeitunzia jiwe la kaburi langu mwenyewe, naandika W-E-N-D-E-L-L. Chini amesimama mwenye jina, na tai yake ileile, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hiyo E imelala."

"Haijalala, Kemper. Shingo yako ndiyo imepinda."

"Na herufi ziwe kubwa zaidi."

Nikafuta. Nikaanza upya, kubwa zaidi. Na goti langu la kushoto, lile zima, limeanza kuuma tangu siku hiyo.