Baba wa Mnada

Jumanne saa nane mchana Metrine alikuwa amechutama kibandani kwake, soko la Sofia, Busia, akinusa viatu. Alikuwa amefungua belo jipya la mitumba asubuhi, na kama kawaida yake alishika kiatu kimojakimoja, akakikunja, akapindua soli, kisha akaingiza pua ndani. Kiatu orijino hunuka jasho la mwenyewe. Feki hunuka gundi, hata kikivaliwa miaka kumi. Kwa pua hiyo alikuwa amesomesha watoto wawili, na wachuuzi wa upande wa Kenya walikuwa wakivuka mpaka na mizigo yao kuja kumwomba awanusie.

Simu ikalia. Alikuwa ameshinda mnada.

"Umeshinda nini?" akauliza Shamirah, jirani yake aliyeuza mashuka.

"Kisahani ya babu. Ile ya jeshi."

"Na hiyo kitu ulishika?"

"Nitashika namna gani na iko kwa simu?"

Shamirah akaendelea kukunja mashuka. "Wewe hata kandambili hununui bila kunusa," alisema, kisha akamgeukia mteja.

Kisahani chenyewe ni kile kidude cha duara ambacho askari wa Mwingereza walikivaa shingoni, kikiwa na jina, namba na dini, ili mtu akiuawa ajulikane ni nani. Egesa, babu yake Metrine, alichukuliwa jeshini mwaka 1942 akiwa na miaka ishirini na miwili, kisha akapelekwa Burma. Aliacha binti wa miezi kumi, Maximilla, ambaye ndiye mama yake Metrine. Hakurudi, wala hakuletwa.

Kwao kijijini Masinya hilo si jambo dogo. Mtu wa Masinya akikaribia kufa huja kuchukuliwa na baba yake. Baba huja jioni kwa siku kadhaa, huketi, huulizia mbuzi na mipaka ya shamba, na siku ikifika humshika mtu wake mkono wakaenda. Majirani wakiwakuta njiani huwapisha tu. Lakini baba ambaye hakuzikwa nyumbani haijui njia ya kuja, na mtu asiye na wa kumchukua, hakuna aliyewahi kusema huishia wapi. Maximilla alikuwa na miaka themanini na mitatu na kifua kibovu. Njaa haikuwahi kumtisha, wala vita, wala wanaume, lakini hilo lilimnyima raha. Wazee walimshauri azike mgomba badala ya mwili, kama wengi walivyofanya. Alikataa katakata.

"Baba yangu si ndizi," alisema.

Ndipo Metrine akaandika jina la babu yake na namba yake ya jeshi kwenye kundi moja la mtandaoni la familia za askari wa zamani. Siku tisa baadaye muuzaji aliyejiita Kumbukumbu Halisi, mwenye nyota tano kamili, akaweka mnadani kisahani chenye jina hilohilo na namba hiyohiyo. Mtu asiyejulikana alishindana na Metrine hadi dakika ya mwisho. Kila Metrine alipochoka, mtu huyo naye alichoka kidogo, akamngoja.

Kifurushi kilifika kwa basi la Kampala. Metrine alikifungulia nyumbani Masinya, mama yake akiwa kando, akakiinua kisahani puani bila hata kufikiri. Kilinuka majani ya chai, kama kitu kilicholowekwa ili kipate rangi ya uzee, na chini ya chai kulikuwa na gundi. Alijua. Lazima lisemwe hilo, kwa sababu baadaye alipenda kusema kwamba alidanganywa. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Maximilla akapitisha kidole juu ya herufi, akatamka jina la baba yake, akalia bila kujificha. Metrine hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Akajiambia kwamba kitu kilichokaa sandukuni miaka themanini kinaweza kunuka chochote.

Walikizika Jumamosi, kando ya kaburi la bibi, mke wa Egesa. Siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni, askari akaja.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kaptura yake imepigwa pasi, kofia imekaa vizuri. Alipita katikati ya kuku akaketi kwenye benchi. Alikuwa na maneno machache. Akiketi alisema, "Mmeshindaje?" Akikaa kidogo alisema, "Vita vilikuwa vikali." Akiinuka aliuliza, "Tutaenda lini?" Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, wala hakujua hata neno moja la Kisamia, lugha ya kwao. Maximilla alimtetea. Jeshini, alisema, waliwasahaulisha lugha za mama zao. Alimuuliza jina la mkewe, askari akajibu ndiyo. Alimuuliza shamba lilikuwa linaishia wapi, akajibu ndiyo. Maximilla akamwekea mto mgongoni, ajuza akimwekea mto kijana, akimwita baba kila baada ya neno la pili.

Jioni ya tano askari aliinua mkono kuvua kofia, na, shati lake likiwa limefumuka ubavuni, Metrine akaona mstari mwembamba ulioinuka kwenye ngozi kutoka kwapani hadi kiunoni, kama ule unaoachwa na kalibu ubavuni mwa beseni la plastiki. Akapita karibu naye, akavuta pumzi. Gundi.

Asubuhi alimwandikia muuzaji kwamba anataka kurudisha mzigo. Jibu lilikuja upesi na kwa adabu: Mpendwa mteja, bidhaa ikishazikwa hairudishwi.

Basi akaanza kusoma maoni ya wateja wengine, jambo ambalo angelifanya mapema kama lingekuwa suala la viatu. Mmoja alikuwa karibu, Edimu, mkulima wa Kwapa kule Tororo, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa ameandika: Mzigo umefika, baba amefurahi. Akampigia. Edimu akasema aje tu aone.

Alifika Kwapa saa kumi na moja jioni. Edimu alikuwa anaambua maharagwe uani. Hatua mbili kutoka kwake, kwenye kiti cha kukunja, alikaa askari yuleyule, kaptura ileile, mstari uleule ubavuni.

"Mmeshindaje?" askari akasema.

"Huyu ni nani kwenu?" Metrine akauliza.

"Kisahani iliandika ni baba yake mzee wangu Omoding," Edimu akasema. "Alikuja siku kumi na mbili. Ya kumi na mbili mzee akavaa koti, wakakwenda, tukabaki na mwili tu wa kuzika."

"Walikwenda wapi?"

"Nilifuata mpaka kwa barabara ya lami. Huyu alikuwa anavuta mzee haraka, hata hakungoja apumue. Sikuona tena." Edimu akatupa maganda. "Baada ya siku mbili akarudi peke yake. Nikauliza, umeacha mzee wapi? Anasema ndiyo. Sasa ananiuliza mimi."

"Tutaenda lini?" askari akasema, akimtazama Edimu.

"Bado navuna," Edimu akamjibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa jibu hilo mara nyingi.

Metrine alirudi Masinya. Kesho yake, jioni ya kumi na moja, alimweleza mama yake kila kitu, pamoja na ile harufu aliyoinyamazia. Maximilla alimsikiliza hadi mwisho.

"Miaka themanini na mitatu sijamwita mtu baba," alisema. "Nimemwita huyu siku kumi na moja. Wewe ndiye uliyemleta. Kama si yeye, atakuja nani?"

Metrine akatoka nje. Alichukua jembe, akafukua kisahani, akakitupa chooni. Saa kumi na mbili askari akaja kama kawaida.

Siku iliyofuata alifunga mlango wa nyuma, akaketi kizingitini pa mlango wa mbele na kumshika mama yake kiganja. Askari alipita kando yake kama anayepita kando ya mbuzi. Maximilla alikuwa amevaa gauni la kanisani. Aliinuka, akamwacha Metrine ameshika mkono ambao ulikuwa umeanza kupoa, akatoka uani na askari. Alitembea akijaribu kuongea naye, akitaja jina la mama yake, jina la mto, majina ya watoto aliowazika. Ndiyo, alisema askari, ndiyo, akimvuta. Wakashika njia ya barabarani.

Mazishi yalijaa watu. Waombolezaji wa ukoo walilia kwa sauti iliyofika mbali, wakimtaja marehemu kwa jina la baba yake, Maximilla binti Egesa, tangu asubuhi hadi udongo ulipofunika jeneza. Metrine alimpa Kumbukumbu Halisi nyota moja na kueleza sababu. Kesho yake maelezo hayakuwepo, na nyota za muuzaji zilikuwa tano.

Jumapili jioni, wageni wakiwa wameondoka, mtu aliingia uani akitokea upande wa bondeni. Alikuwa anachechemea, nusu ya koti lake imeoza, tope limemkaukia hadi magotini. Alinuka jasho, na moshi, na safari ndefu. Alisimama mbele ya Metrine, akamsalimu kwa Kisamia cha kale ambacho hata wazee walikuwa wamekiacha.

"Nimesikia mtoto wangu akililiwa," alisema. "Niliposikia jina langu ndipo nikajua njia ni hii. Nimemngoja pale wafu wanapofikia. Wote waliokufa siku ile wamefika. Yeye hajafika."

Metrine aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona maishani. Kwenye benchi, ambapo alikuwa amekaa tangu aliporudi peke yake mchana, askari aliinua kichwa akasema, "Mmeshindaje?" Egesa akamwitikia kwa heshima, kama anavyoitikiwa mgeni wa nyumba, akasogeza kiti, akaketi kando yake.

"Alipita na nani?" akamuuliza mjukuu wake.

Metrine akaenda jikoni kupasha chai, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi, wote wawili walikuwa wanamtazama, mmoja akingoja jibu la swali lake, na mwingine akianza kuuliza lile la kwake la kila jioni.