Mgeni Hajaanza Kazi

Mgeni alipiga hodi Jumamosi mchana, mshona mapazia akiwa amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, anapima upindo wa pazia la sebule ya mtu. Aliitikia kwa pua, maana mdomo ulikuwa na shughuli. Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, begi la safari mkononi, anatweta kidogo kwa sababu ya ngazi. Akavua viatu, akavipanga kando ya viatu vya mwenye nyumba.

"Habari za hapa, shemeji. Mimi ni sukari ya mumeo. Nimewahi kidogo tu, kazi yangu bado miaka kadhaa."

Mshona mapazia akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Mgeni ni mgeni.

"Kaa basi. Utakunywa chai?"

"Nitashukuru. Yangu bila sukari. Sukari muwekee mwenyewe."

Mwenyewe alirudi jioni. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mwili na wa utani, na mtaa mzima ulimwita Fundi Lifti. Jengo alilokaa lilikuwa na lifti iliyokufa tangu wanahamia, na yeye akikaa juu kabisa. Mganga hajigangi, majirani walimwambia kila alipopumzika kwenye ngazi kushika kiuno. Alipomkuta mgeni kwenye kochi alimpa mkono, akasema, "Kumbe ndiye wewe," akaenda kunawa.

Alikuwa ameshaambiwa na dada yake. Dada huyo, yaani wifi wa mshona mapazia, alifanya kazi maabara, na watafiti wake walikuwa wamechukua damu ya wafanyakazi wote wa kampuni ya lifti. Jumapili alikuja, akamsalimia mgeni kama mtu wanayejuana naye ofisini, akaeleza mambo huku anakula.

"Damu ina vijumbe vidogo sana, vinaitwa maikro-RNA. Ndivyo seli zinavyopashana habari. Mtu atakayekuja kuugua sukari au moyo, vile vijumbe vinaanza kubadilika miaka mingi kabla, mwenyewe bado anapanda ngazi anaimba. Vya kaka vimebadilika."

"Zile salamu nilizituma mimi," mgeni alisema. "Sipendi kumwingilia mtu ghafla."

"Sasa mnampa dawa gani?" mshona mapazia aliuliza.

"Wifi yangu, ule ulikuwa utafiti wa kujua. Wa kutibu bado haujaja."

Alisema hivyo huku anaangalia sahani. Alimpenda kaka yake, na aibu ilimkaa usoni mpaka alipoaga.

Walipobaki wenyewe, mshona mapazia alimgeukia mgeni. "Na wewe unaondokaje?"

"Kwa sasa? Kirahisi mno, hata begi sijafungua. Apate daktari wa kumfuatilia, apimwe, apewe dawa kidogo ikibidi, ale vizuri, alale. Navaa viatu vyangu naenda zangu. Ila nikishaanza kazi, shemeji, siondoki tena, tutazoeana tu. Na kaka yangu, yule ugonjwa wa moyo, atanifuata. Sisi hatuachani."

Tangu siku hiyo mwanamke yule hakutulia. Alikaa kwenye cherehani akainuka, akachungulia sebuleni, akarudi, akafumua alichoshona. Mapazia yalitoka kombo. Mgeni hakuwa msumbufu, na hilo ndilo lililomchosha roho, kwani angekuwa msumbufu angegombana naye. Alikunja shuka zake asubuhi, aliosha vikombe, na chakula kikiwekwa mezani aliisogeza chupa ya soda taratibu mpaka karibu na mkono wa mwenye nyumba. Mshona mapazia aliirudisha, naye akaisogeza tena, kwa adabu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema jirani wa chini siku moja alipopanda kufuata pazia lake.

"Mkinipa jembe mimi, mmekwisha," mgeni alijibu, na jirani akalikunja pazia lake haraka. Naye alikuwa na mgeni wake chini, wa mumewe.

Mshona mapazia akawapeleka mume na mgeni kliniki. Mapokezi pale palikuwa na dirisha la kioo, na ukutani bango kubwa limeandikwa KINGA NI BORA KULIKO TIBA. Mgeni alipoliona aligeuza uso, akawa anaangalia viatu vyake muda wote.

"Mgonjwa ni nani?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Mume wangu."

"Anaumwa nini?"

"Bado haumwi. Ugonjwa wake ndio huyu hapa."

Dada wa mapokezi alimtazama mgeni juu mpaka chini, bila ubaya. "Wewe umeshaanza?"

"Bado, dada yangu."

"Basi, mama, mrudi naye akianza. Hapa tunatibu wagonjwa."

Njiani Fundi Lifti alicheka mpaka akasimama. "Mambo yale yale ya kazini kwangu. Namwambia mwenye jengo, kamba hii imeanza kulika. Ananiuliza, kwani imekatika? Rudi ikikatika."

"Na unarudi?"

"Narudi. Natoa watu."

Mkewe hakucheka. Alikuwa na hasira, na hakuona wa kumtupia, maana hata mgeni aliyekuwa akitembea kando yao alikubaliana naye kabisa.

Akaamua kujifunga kibwebwe mwenyewe. Soda ikapigwa marufuku nyumbani. Chakula kikabadilika, mume akanung'unika, akala. Jioni walitembea mitaani wote watatu, mgeni nyuma, na kila wiki alizidi kubaki nyuma. Nyumbani alihama kochi akakaa kwenye kiti, akahama kiti akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, viatu mguuni, begi magotini. Mshona mapazia alifurahi, furaha ya kweli, akaanza kuimba tena kwenye cherehani na mapazia yakanyooka.

"Hapa ndipo nguvu zako zinapokoma, shemeji," mgeni alimwambia siku moja, kwa huruma. "Mpaka mlangoni umenifikisha. Kunitoa nje ni kazi ya wale wa kliniki."

Mshona mapazia akamshika mume mkono huku, mgeni huku, akawarudisha kliniki mbio mbio. Alikuta wameongeza viti ukutani, na kibao kipya: WAGENI WAKAE UPANDE HUU. Viti vyote vilikuwa na watu, kila mmoja na begi lake.

"Yuko mlangoni," alimwambia dada wa mapokezi. "Ni kumsukuma kidogo tu. Kidogo."

"Ameanza?"

"Hajaanza. Ndiyo maana nimekuja."

"Mama, mbona una haraka ya ugonjwa? Akianza, tupo."

Kisha ukaja msimu wa lifti kukwama. Majengo ya mjini yaliita usiku na mchana, na Fundi Lifti akala akiwa amesimama, akalala vipande vipande, akanywa chochote kilichokuwa baridi. Mshona mapazia alimfungia chakula, na chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Mgeni akavua viatu. Akarudi kwenye kiti, kisha kochini. Mwanamke alimwona akihama, na usiku alilala macho wazi akisikiliza kama zipu ya begi inafunguliwa.

Ilifunguliwa alasiri moja, mchana kweupe. Mgeni alitoa nguo zake, akazipanga kabatini kando ya nguo za mwenye nyumba, akakunja mikono ya shati.

"Samahani, shemeji. Leo naanza."

"Huwezi kungoja?"

"Nimengoja sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kikweli.

Fundi Lifti alifika na midomo mikavu. Alikunywa jagi zima la maji akiwa amesimama, akaomba jingine, akasema haoni vizuri saa ya ukutani. Kigoda cha mlangoni hakikuwa kitupu. Palikuwa na mwanamume mwingine, sura moja na mgeni ila mnene kidogo, begi magotini. Alisema yeye ni yule kaka wa moyo, na kazi yake bado. Wakashuka ngazi wote wanne, mgeni amemshika mwenye nyumba kwapani.

Dada wa mapokezi alipowaona tu akatabasamu. Hawakuwahi kumwona akitabasamu.

"Huyu sasa ndiye," alisema, akafungua mlango wa ndani. "Karibuni. Mmekuja wakati wake."

Mume na mgeni wakaingia. Mshona mapazia alibaki dirishani, akamvuta yule mwingine kwa shati mpaka mbele ya kioo.

"Na huyu je?"

Dada wa mapokezi alimtazama juu mpaka chini.

"Umeshaanza?"

"Bado, dada yangu."

"Basi, mama, mrudi naye akianza."

Mshona mapazia akaenda kukaa chini ya bango. Yule kaka alimfuata, akasimama mbele yake na begi lake, akamuuliza kwa adabu kama kiti kile cha pembeni kina mtu.