Kiti cha Mbele, Kiti cha Nyuma

Leontina hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Hata baiskeli ilimshinda akiwa msichana. Alitumbukia mtaroni, akaapa kwamba chochote chenye magurudumu atakipanda kikiendeshwa na mwingine. Ndiyo maana Jumapili ile, alipoweka kijiko mezani na kusema kwamba ameuza shamba la mizabibu lililo kando ya barabara mpya na sasa anataka kununua gari, mwanawe Tiberiu alipaliwa na supu ya kuku. Mkewe Geta alilazimika kumpiga mgongoni.

Wala si gari lolote tu, mama akaendelea. Alitaka lile ambalo marehemu Petrache, mumewe, alikuwa akisimama kulitazama kwenye kioo cha duka kila walipokwenda mjini Craiova: la Kijapani, dogo, la kifahari, limeinuka kidogo kutoka chini, linalokula petroli na umeme pamoja. Petrache alikuwa amefariki msimu uliopita wa mavuno, na katika umri wake wote hakumiliki hata pikipiki. Kazini alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, hadi nyonga zikamgomea.

 Mshtuko wa Tiberiu ukageuka furaha, na hapo ndipo alipoanza kupotea. Mtu akishatamani kitu, masikio yake husikia lile analolitaka tu. Mama hakusema gari lingekuwa la nani, naye hakuuliza. Angekuwa nani mwingine? Mtoto ni mmoja katika nyumba ile, na gari la huyo mtoto lilikuwa limefikia hali ya kuombewa kila asubuhi ndipo liwake.

Basi wakaanza kupima. Tiberiu alisoma kila alichoweza kukisoma, akawachosha watu kazini kwa habari za betri. Geta hakulitaka gari lile. Alisema kwa fedha hizo hizo wangepata gari kubwa la kawaida, lisilo na mbwembwe, lenye buti la kubebea chakula cha nguruwe. Walipofika dukani alifungua buti la lile la Kijapani, akalitazama, akasema hapo hata vitunguu vya liki vya mchuzi wa wiki moja haviingii. Kwa mtu wa Oltenia, mkoa wa wapenda liki, hilo si neno dogo.

Tiberiu alikubali kwamba buti ni dogo. Alikubali pia kwamba nyuma kumebana. Watu wa ukoo wa Petrache wameumbwa kwa namna yao: miguu mirefu, kiwiliwili kifupi. Akikaa mezani utadhani ni mfupi, akisimama anagonga mwamba wa mlango. Tiberiu alijaribu kukaa nyuma ya kiti alichokirekebisha mwenyewe, magoti yakamfika kidevuni, akatoka akisema kwamba kule nyuma mtu wa kwao hakai. Lakini angekaa nyuma kwa sababu gani? Yeye ndiye dereva.

Mama hakushughulika na buti wala viti vya nyuma. Alichokishikilia ni kiti cha dereva. Alimwamuru Tiberiu akae, akisukume, akiinue, akiteremshe, mpaka nyonga zisiwe na la kulalamikia. Otilia, dada aliyekuwa akiwauzia pale dukani, alicheka kuona kiti kimerudishwa nyuma kabisa halafu kimepandishwa juu kabisa.

"Kaka, wewe umeumbwa na mafundi wawili wasiosemezana," alisema.

Mama hakucheka. Aliuliza kama kiti kitabaki vile vile kikiachwa, na Otilia akamhakikishia kwamba kitabaki. Kisha akauliza jambo jingine: mahali pasipo na kituo cha mafuta, gari hili litakwenda? Otilia akaeleza kwamba kila likikanyagwa breki au likiteremka mlima linajirudishia umeme lenyewe, lakini bila petroli kabisa haliwezi kufika mbali. Mama akafikiri, akasema basi petroli atalijaza yeye, liondoke limejaa. Tiberiu alidhani anazungumzia kijiji chao.

Walilijaribu barabarani. Ule ukimya wake ulimshtua Tiberiu. Alikanyaga, na gari likaondoka bila sauti, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Mama, kiti cha pembeni, alijifanyia ishara ya msalaba, akasema Petrache angelipenda. Alichagua rangi ya kijivu, ile ya suti aliyozikwa nayo marehemu. Hata hapo mwanawe hakushtuka. Alisema kijivu ni kizuri, hakionyeshi vumbi.

Gari lilipofika nyumbani kwa mama liliingizwa bandani, likafunikwa shuka jeupe. Mama alikataza mtu yeyote kuligusa mpaka siku ya ukumbusho wa mwaka wa marehemu. Tiberiu aliona huo ni utaratibu wa heshima, akangoja. Hata hivyo, kungoja kwake kulikuwa kwa mtu mwenye uhakika: gari lake kuukuu alimuuzia fundi mmoja wa kijiji cha pili, akaanza kwenda kazini kwa basi huku akiwaambia abiria wenzake kwamba ni kwa muda tu.

Siku moja kabla ya ukumbusho alikwenda kusaidia kupanga meza. Akakuta mlango wa banda u wazi, shuka limeondolewa, na mama yake pamoja na majirani wawili wameinama ndani ya gari. Walikuwa wakifunga kwenye usukani taulo jipya na mshumaa.

Katika vijiji vile hata mtoto anajua maana ya taulo na mshumaa. Unachokitoa sadaka kwa ajili ya marehemu unakifunga hivyo, iwe shati, ndoo au kitanda, kisha unampa mtu, na marehemu anakipata huko aliko. Tiberiu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawatazama wale wanawake kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi.

"Mama, hicho ni nini?"

"Mshumaa."

"Naona ni mshumaa. Kwenye gari?"

"Gari ni la baba yako," mama alisema, akikaza fundo. "Nimemwota. Yuko barabarani anatembea, na wengine wote wanampita wana magari. Mwaka mzima namwota yuko njiani, mwanangu. Huko nako atembee?"

"Watu wanatoa shati, mama. Wanatoa kitanda. Nani umewahi kumsikia katoa gari?"

"Shati analo."

Majirani wakajitia kuokota nyuzi sakafuni. Tiberiu aliikumbuka miezi yote ile ya kupima, betri, breki, kiti, na kila kitu kikamgeukia usoni. Hakuwa akijipimia yeye. Alikuwa ametumika kumpimia marehemu, kwa kuwa umbo ni lile lile. Akasema basi, kama ni sadaka, apewe yeye. Yeye ndiye mwana wa Petrache, naye atasema "Bogdaproste", neno la mpokeaji la kumwombea marehemu msamaha wa Mungu, hata mara mia.

"Kinachobaki nyumbani hakivuki," mama alisema. "Unajua hivyo toka utotoni. Anapewa mtu wa nje, mwenye umbo la baba yako. Atakuja kesho."

"Nani?"

"Atakuja kesho, nimesema."

Tiberiu alikimbilia kwa padri. Padri alimsikiliza, akakuna ndevu, akasema yeye ataibariki ngano na divai kama ilivyoandikwa. Kuhusu magari hakufundishwa. Tiberiu alimwendea Geta akitarajia kuonewa huruma. Geta alicheka mpaka machozi, akamwambia kwamba hajapata kuona mwanamume aliyekwenda dukani mara nyingi vile kumchagulia maiti kiti. Kisha kicheko kikakatika, akauliza kazini watakwenda kwa basi mpaka lini. Siku ile nzima hasira ilimkaa Tiberiu kifuani kwa sababu hakujua amkasirikie nani.

Kesho yake ua ulijaa. Kabichi zilizofungiwa nyama zilikuwa zikitoa mvuke kwenye masufuria, na ngano ya kuchemsha ilikuwa katikati ya meza, imefunikwa sukari, ina msalaba wa kakao juu yake. Gari lilisimama karibu na lango, linang'aa, taulo linaning'inia. Wageni walilizunguka wakinong'ona. Kila mwenye miguu mirefu kidogo kijijini alikuwa amenyoa ndevu siku hiyo na kuvaa vizuri; pengine ndiye atakayepewa, nani ajuaye.

Basi la mchana likasimama barabarani, akateremka mwanamume mmoja, kofia mkononi. Alimpita Tiberiu kwa umri kidogo. Hakuna aliyemjua isipokuwa Leontina, aliyejifuta mikono kwenye aproni na kwenda kumpokea langoni. Akamtaja kwa wageni kwa ufupi tu: huyu ni Silviu, mchomeleaji vyuma, anaishi Craiova. Silviu hakuinua macho. Alionekana kama mtu aliyeitwa polisi bila kuambiwa kosa.

Mama alilizunguka gari na chetezo cha ubani, moshi ukalizingira. Akawasha mshumaa pale kwenye usukani, akauacha uwake kidogo, akauzima kwa vidole. Kisha akamkabidhi Silviu ufunguo.

"Pokea. Hapa liwe lako, na huko liwe mbele ya Petrache."

"Bogdaproste," Silviu alisema, kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma hawakuisikia.

Mama akamwambia aingie. Silviu alifungua mlango, akaketi, na mkono wake ukashuka upesi pembeni mwa kiti kutafuta kitufe. Ndivyo wanavyofanya watu wa miguu ile kila wakiingia kwenye gari la mwingine. Tiberiu mwenyewe hufanya hivyo bila kufikiri. Lakini mkono ule ulifika kwenye kitufe ukatulia. Silviu alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akaegemea. Mkono ukarudi juu ya goti. Hapakuwa na kitu cha kurekebisha.

Tiberiu aliona yote hayo. Kiti kile alikuwa amekipima yeye, nyuma kabisa na juu kabisa, na dada wa dukani alimcheka kwa sababu yake. Geta hawezi kukikalia, rafiki zake hawawezi. Akayatazama magoti ya yule mgeni chini ya usukani, akayatazama ya kwake. Alipoinua macho aliona wageni nao wanafanya vivyo hivyo: wanamtazama yeye, wanamtazama Silviu, wanamrudia yeye. Vijiko vilikuwa vimenyamaza ua mzima. Kikongwe mmoja akajifanyia ishara ya msalaba.

"Mama," Tiberiu alisema. "Huyu ni nani?"

"Umeshaona mwenyewe."

"Wewe ulijua?"

"Siku ya mazishi alisimama nje ya uzio. Hakuingia, hakula, hata maji hakunywa. Nilimjua kwa miguu." Mama aliongea taratibu, kwa sauti ya kawaida, na watu wote walisikia. "Nikaulizia. Mama yake alikuwa anapika kule kiwandani alikofanya kazi baba yako, kabla hajanioa. Jana sikukusimulia ndoto yote, Tibi. Petrache hatembei peke yake. Kamshika mtoto mkono, na huyo mtoto ndiye aliyechoka. Nikadhani ni wewe. Nikainama nimtazame uso, sio wewe."

Tiberiu alisimama tu pale. Kuna mshtuko unaomfanya mtu apige kelele, na kuna mwingine unaomwacha hana hata mahali pa kuweka mikono. Wake ulikuwa huo wa pili. Baba yake, mtu wa kanisani na mizabibu, aliyemfundisha kunoa kisu na kusema kweli. Alitafuta hasira yake ya jana akaikosa. Silviu, mle ndani, alikuwa mwekundu mpaka masikioni, naye alikuwa akibonyeza kitufe cha kuwashia, anakibonyeza tena, anatamani ardhi ipasuke immeze.

"Haliwaki," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu.

Kati ya wote waliokuwa pale, aliyelijua gari lile alikuwa mmoja tu. Tiberiu alikwenda mpaka dirishani, akainama.

"Linawaka," alisema. "Ila halisikiki. Kanyaga breki kwanza, bonyeza mara moja tu, halafu weka gia."

Silviu akafanya hivyo. Taa za dashibodi zikawaka. Mama alikuwa ameshachukua bakuli la ngano na chupa ya divai, akasema safari ya kwanza ni makaburini, Petrache akalione gari lake, na asiwepo wa kumpinga. Akaketi mbele, bakuli mapajani, akafunga mkanda. Kisha akamgeukia mwanawe na kumuuliza kama atakuja au atabaki kuhesabu wageni.

Tiberiu alifungua mlango wa nyuma. Akaingiza mguu mmoja kwa taabu, akauvuta wa pili kwa mikono, na magoti yakapanda yakamfika kidevuni, yamebanwa na mgongo wa kiti cha dereva.

"Nikusogezee mbele kidogo?" Silviu aliuliza, akimtazama kwenye kioo.

"Usikiguse," Tiberiu alisema. "Nilikiweka mimi."

Gari likatoka langoni bila sauti.