Mafundo Matatu ya Ukutani

Bi Mahbuba alikuwa bado anamtania fundi, kwamba anabomoa ukuta kama mtu anayekwangua ukoko wa wali, pale tindo lilipozama ghafla ndani ya udongo.

"Pana uwazi humu," alisema fundi Marhoon, Mwarabu wa Matrah. Ujanani alijenga nyumba Chake Chake, na Kiswahili hakijamtoka. "Ngojeni kwanza."

Nasriya alisogea mlangoni, mwanawe Hind begani. Mtoto alikuwa na homa, hanyonyi, analia kilio kikavu. Chumba hakikupitisha upepo, na joto la Matrah mwezi ule lilimkosesha pumzi hata mtu mzima, seuze kichanga. Mwenye nyumba, Bi Kheiria, alikwishawapa ruhusa ya kutoboa dirisha kabla hajaondoka kwenda Sib, kwa kaka yake, kwenye mavuno ya tende. "Toboeni ukuta wa njiani," alisema. Lakini Bi Mahbuba hakukubali. Dirisha la njiani, wapita njia wamwone mke wa mwanawe ananyonyesha? Na mume mwenyewe, Sleyum, yuko Kuwait anatafuta riziki! Dirisha likahamishiwa ukuta wa uani.

Marhoon aliingiza mkono, akatoa kitambaa cha kijani kilichofifia. Kilikuwa kimefungwa mafundo matatu, kila moja kama ndimu.

"Kiweke chini!" Bi Mahbuba alirudi nyuma. "Fingo hilo! Nilisema mimi. Tangu tuhamie humu sijalala usingizi wa maana. Mtu kalizika makusudi, wanaolala humu wasione raha."

"Mimi nshabomoa kuta nyingi, mama," alisema Marhoon akijipangusa mikono kwenye shuka yake, "lakini kitu kama hiki sijakutana nacho. Audhubillahi."

Nasriya aliinama, akafungua fundo moja kabla mkwewe hajamzuia. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele, nyeusi, laini mno, na kikuku cha ushanga kidogo hata mguu wa Hind usingepita.

"Nywele!" Bi Mahbuba alijipiga kifua. "Nywele na mafundo! Unataka nini tena?"

"Mama, hizi nywele za mtoto."

"Ndiyo ubaya wake! Za mwanao tulizifanya nini siku ya arubaini? Tulizizika. Kwetu nywele za mtoto huzikwa, hazifungwi fundo zikatiwa ukutani. Anayezifunga anamfunga mtu. Mtazame mwanao basi, kisha unambie nnasema uongo."

Kweli, kwao zilizikwa. Lakini Nasriya aliona kingo za kitambaa kile zilikuwa zimepindwa na kushonwa, mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na haraka. Mchawi gani anayekaa kitako akapinda kingo? Alitaka kusema, tumngoje Bi Kheiria arudi. Hind akajipinda begani, mwili wake ukamchoma hata kupitia kanga.

Nasriya alilifunga lile fundo tena.

"Chukua, mama," alisema.

Bi Mahbuba alivaa buibui, akakipeleka kile kitambaa mpaka kwenye miamba ya pwani, akakitupa baharini huku anasoma Ayatul Kursi.

Asubuhi yake homa ilishuka. "Si umeona?" alisema Bi Mahbuba, na kila jirani aliyejua Kiswahili akapata habari ya fingo. Siku chache baadaye Hind alimng'ata mamake akinyonya. Nasriya akampitishia kidole kwenye ufizi, akagusa ncha ngumu. Lilikuwa jino. Homa yote ile ilikuwa ya jino. Hakumwambia mtu. Alikaa mkekani chini ya dirisha jipya, upepo unampiga usoni, na ule upepo haukumpendeza.

Bi Kheiria alirudi na kikapu cha tende. Alikuwa mjane mwembamba, anakaa nyumba ya pili. Tangu watoke Unguja kwenye mauaji ya mapinduzi, Nasriya na wenziwe walikuwa wamelala kwa watu, mwezi hapa, mwaka pale, hata jamaa wa damu wakawa wanawauliza wanahama lini. Ni Bi Kheiria aliyewapa ufunguo, akasema nyumba isiyo na mtoto huoza. Kiswahili hakukijua. Nasriya alisema naye kwa Kiarabu cha chuoni, kilichojaa dua, kikapungukiwa maneno ya kila siku.

"Nionyeshe hilo dirisha lenu," alisema Bi Kheiria kwa furaha, akaingia chumbani.

Kisha akasimama. Alikwenda mpaka dirishani, akapapasa ukingo wa chini, akapapasa na wa juu.

"Niliwaambia ukuta wa njiani," alisema kwa sauti ndogo. "Binti yangu, humu mlikuwa na kitambaa changu. Mmeniwekea wapi?"

Nasriya alimhamishia Hind bega la pili. Bi Kheiria akadhani hakueleweka, akasema polepole, kama anavyosemeshwa mgeni. "Nilikuwa na watoto watatu. Ndui iliwachukua mwaka mmoja. Walizikwa bondeni, kwa baba yao, na mafuriko yakaja yakabeba makaburi. Leo pana changarawe tu. Nilichobaki nacho ni nywele zao za kwanza. Udongo niliukanda mwenyewe. Niliwalaza humu kwa sababu humu ndimo walimokuwa wakilala."

"Anasema nini?" Bi Mahbuba alinong'ona.

"Ni za wanawe, mama. Waliokufa."

Bi Mahbuba alijishika mdomo. Kisha akamvuta Nasriya mkono. "Mwambie panya. Tulikuta panya wamekula, hakukuwa na kitu. Nasriya mwanangu, nakuomba. Akijua atatutoa, na tukitoka hapa hatuna mlango wa kubisha. Huyu mtoto utamlaza wapi?"

Neno la panya Nasriya alilijua kwa Kiarabu. Lilikuja mpaka ulimini. Halafu akamwona Bi Kheiria, usiku na mchana wa maisha yake yaliyobaki, akifikiri meno ya panya kwenye nywele za wanawe.

"Baharini," alisema. "Tulidhani ni uchawi. Mtoto alikuwa na homa. Nilizikabidhi mimi kwa mkono wangu, zikatupwa baharini."

Bi Kheiria alishika ukingo wa dirisha. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae.

"Uchawi," alisema. "Wanangu." Akainuka, akajitanda shela. "Nipeleke."

Walikwenda wawili, Hind mgongoni. Kwenye miamba maji yalikuwa yanaingia na kutoka, yanaleta magamba ya samaki na maganda ya tikiti.

"Hapa?"

"Hapa."

Bi Kheiria alitazama maji mpaka macho yakamwuma, akayafuta kwa ncha ya shela.

"Chumba kile siwezi kukiingia tena," alisema. "Wala siwezi kusikia watu wanacheka ndani yake. Kaeni mpaka joto hili lipungue, kisha mtafute pengine. Sikufukuzi kwa hasira, binti yangu. Siwezi tu."

"Naam, bibi," alisema Nasriya. Hakuomba wabaki.

Walikwishageuka kuondoka Bi Kheiria alipomshika mkono.

"Mliyafungua mafundo?"

"Nilifungua moja tu. Lilikuwa na kikuku cha ushanga."

"Sayyida huyo." Alilisema jina kama anamwita aje. "Zilikuwaje? Mimi sikuziona tena tangu siku niliyouziba ukuta."

"Nyeusi," alisema Nasriya. Alitafuta neno la Kiarabu la ulaini, asilipate. "Nyeusi, na..." Akamshusha Hind mgongoni, akamvua kofia, akamwinamisha kidogo.

Bi Kheiria aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo.

"Kama hizi?"

"Kama hizi."